Mizani ya Arusha Chini

Miaka ishirini na saba nilipima sukari ya watu.
Gunia juu ya mizani, mshale utulie,
naandika: kilo hamsini. Linalofuata.

Sasa gunia ni mimi.

Sisimizi ndio waliotangulia kujua.
Ndeshi aliwakuta ukutani, nyuma ya nyumba,
pale ninapojisaidia usiku choo kikiwa mbali,
wamejipanga kama vibarua siku ya mshahara.
Akasema, "Mmari, kiinua mgongo umekinywa chote,
sasa unakirudisha ardhini."
Tulicheka hadi jirani akauliza kuna nini.
Kesho yake, Mawenzi, kumi na saba nukta mbili.
Hakuna aliyecheka.

Kidonge ni kikubwa, cheupe,
kinanuka dagaa waliosahaulika kabatini.
Kimoja asubuhi, kimoja usiku,
na tumboni kuwe na kitu, alisema nesi Haikasia.
Wiki ya kwanza kilinikimbiza chooni
hata nikauliza: hii ni dawa au ni askari?
Na zipo asubuhi ambazo hicho kitu hakipo.

Basi nikatafuta ujanja.
Siku tatu kabla ya kliniki: mnafu mtupu,
vidonge kwa saa, kama mtu anayesali.
Kidole kikichomwa, saba nukta moja.
Nasifiwa. Nashukuru kwa adabu.
Nikirudi Pasua napitia kwa Mama Siaeli, kata moja,
"ulezi na ndizi tu, baba, sukari iko wapi humo?"
Nami nakubali, tena nakubali kata ya pili.

Juni, mlima umejifunika tangu Jumatatu,
walichukua damu ya mshipa, si ya kidole.
"Hii," alisema Haikasia, "haiulizi jana umekula nini.
Inauliza miezi mitatu.
Na kesho niletee kopo lako la vidonge."

Damu ina daftari!
Mimi wa kuambiwa habari za daftari!

Nikamkumbuka Kileo wa zamu ya usiku,
aliyekuwa akiegemeza goti kwenye mizani,
kidogo tu, hata shati halitikisiki.
Nusu kilo kila gunia.
Nilimshtaki mimi. Alikuwa na watoto wanne.
Nilisema: hesabu ni hesabu.

Haikasia alimwaga kopo mezani,
akahesabu wawili wawili, kama anayechambua mchele.
Arobaini na kimoja
ambavyo vilipaswa kuwa vimeshapita kooni.
Hakunifokea. Angefoka ningepata la kujibu.
Alivirudisha, akafunga kifuniko,
akanisukumia kopo taratibu.

Leo upepo unatoka kusini, wanachoma miwa.
Majivu meusi yanatua kwenye kanga za Ndeshi kambani,
yanatua kwenye chai yangu isiyo na kitu.
Nayaondoa kwa ncha ya kidole.
Kiporo cha ndizi, nusu sahani.
Kidonge. Maji. Kile kinuko cha dagaa.

Ndeshi ananisogezea daftari la shule la mjukuu
nililolichorea mistari: tarehe, asubuhi, usiku.
"Andika wewe," namwambia.
"Kwani mkono unauma?"
"Mkono mzima. Ni mistari.
Tangu juzi mistari inaingiliana."

Ananitazama kwa muda.
Kisha anaandika, polepole, kwa ule mwandiko wake wa darasa la nne,
na mimi nimelishika goti langu kwa mikono miwili.