Hesabu za Pikapu

Zimeegeshwa bega kwa bega, nyeupe zote mbili,
kwenye yadi ya kokoto karibu na reli, Moshi mjini,
kama ndama mapacha.
Mpya kwangu; Mjapani alishazizoea.
Tofauti iko tumboni.

Nimekuja na daftari la shule la Evodia,
kurasa za nyuma, baada ya jedwali la saba.
Nimeandika: Uru hadi Kiboriloni, ndizi, mara nne kwa wiki.
Nimeandika: kurudi na mabua ya ng'ombe kutoka porini,
mlima wote, gia ya pili, mvua ya Aprili,
udongo unateleza kama mlenda.

Dizeli, anasema fundi Wilbroad, haina haraka,
lakini ukiitwika mzigo haiulizi maswali.
Inakunywa kama mzee aliyeapa kuacha pombe:
anaonja, anafuta midomo, anakaa.
Ila siku nozeli zikiziba,
siku ukiuziwa mafuta yaliyochanganywa na ya taa,
utauza beberu, na jike lake, na kamba.

Petroli, anasema kijana wa yadi, ni amani.
Akawasha. Sikusikia.
Nikaweka kiganja juu ya boneti
kama nampima mtoto homa,
nikakuta kweli iko hai.
Vipuri kila duka. Fundi yeyote, hata mlevi.
Sawa.
Lakini mlima wa Uru naujua:
unanyonya petroli kama kupe.

Nikajumlisha, nikatoa, nikafuta kwa mate.
Mwaka wa kwanza inashinda hii,
mwaka wa nne inashinda ile,
na mwaka wa nne nani kaniahidi?

Nikampigia mama.
Macho yake yana ukungu tangu masika ya juzi;
magari huyajua kwa masikio.
Nikashika simu kwenye ekzosi ya dizeli.
"Mae! Inakohoa kama marehemu baba yako."
Nikaisogeza kwenye ile nyingine.
Kimya.
"Haloo? Respisi? Umekata?"

Kijana wa yadi akacheka, akatoa kitabu cha risiti,
kalamu ikasubiri hewani.
Wilbroad hakucheka. Alishapiga magoti
chini ya ile inayokohoa,
ananusa bomba, anagonga chuma kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti.

"Bei," akasema kutoka huko chini,
"tuanze kuishusha kwenye nozeli."