Vitenzi Viwili vya Kuwa

Tangu Machi nyumba yetu imevaa karatasi.
Mlango una jina jipya, puerta,
jokofu lina lake, frigorífico, refu kama treni ya mizigo,
na kikopo cha chumvi kimeandikwa sal
kwa mwandiko wa Thora, ule unaolalia kushoto
kama mtu anayesukumwa nyuma na upepo wa ziwani.

Nje, Duluth, theluji ya Aprili inakataa kuaga.
Naikwangua barabarani kwa lori la jiji
tangu saa kumi alfajiri.
Jioni, mikono ingali inanuka dizeli,
binti yangu ananikalisha mezani
na kunigeuza mwanamke.

Ndiyo. Mimi ni Bibi Remedios wa Cáceres,
mjane, orofa ya tatu, lifti hakuna,
nitakayempokea mgeni kwa wiki nane.
Barua ya chuo imesema hivyo,
na kwamba chakula cha usiku ni saa nne,
na kwamba paka yumo.
Nasoma maneno yangu kwenye kadi:
Umelala vizuri? Unapenda dengu?
R zangu zinagongana kama minyororo ya matairi.
Thora anacheka mpaka anashika meza.
"Baba, huyu Remedios katokea Norwe."

Orodha imebandikwa kwenye frigorífico:
pasipoti (pichani kama mtu aliyeibiwa baiskeli),
plagi ya pini mbili za duara,
dawa ya pumu, vikopo vitatu,
mchele pori wa kwetu, nusu kilo, zawadi ya mwenyeji,
dola mia tisa za mwisho.
Hizo nimeshalipa. Sijamwambia
kwa nini pikipiki ya theluji haimo tena bandani,
naye hajaingia bandani kuuliza.

Usiku mmoja tukafikia kitenzi cha kuwa.
"Wao wanavyo viwili," akasema.
Ser ni cha kile ulicho, mifupa yako.
Estar ni cha ulipo, cha hali yako leo,
koti unalovaa na kulivua.
Mimi ni baba: cha kwanza.
Mimi niko jikoni: cha pili.
Nimechoka?
"Cha pili, baba. Kuchoka hupita."
Nikamwamini kiasi.

Na mama yako? nikauliza.
Sikuwa nimepanga kuuliza.
Akafungua kitabu, ingawa jibu alikuwa nalo;
nilimwona akitafuta ukurasa ambao hakuuhitaji.
"Kufa kunachukua cha pili," akasema.
"Está muerta.
Kama kuchoka. Kama kuwa jikoni."
Kwa nini?
"Sijui. Profesa anasema tukariri tu."

Nikaigeuza ile kadi. Nyuma haikuwa na kitu.
Miaka sita nimelitamka jambo hilo
kwa kitenzi kisicho chake.

Sasa ni Juni, na bado kuna barafu chafu
kwenye kivuli cha ghala.
Sanduku tumelipima kwenye mizani ya bafuni,
yeye amelibeba, mimi nimetoa uzito wake kwa kalamu.
Tumetoa kamusi. Tumeirudisha. Tumetoa viatu.
Basi la Minneapolis linaondoka saa kumi na moja,
naye amelala na soksi miguuni
kama alivyolala alipokuwa na miaka minne.

Nachomoa kamusi taratibu,
zipu ikilalamika jino kwa jino,
nakaa kwenye kiti cha Remedios
kumwandikia Remedios wa kweli.
Inanichukua saa nzima na kadi tatu.
Huyu ni binti yangu, naandika,
na kwa kitenzi hicho sihitaji kufungua kamusi.
Pumu humjia usiku, dirisha liwe wazi kidogo.
Akinyamaza sana, usimwulize; mpe vyombo aoshe.
Hapendi dengu.
Atakuambia anazipenda.