Imeingia, Haijatosha

Hamduni wa Mtaa wa Narung'ombe habembelezi mteja, anaapa.
"Mdomo ni uleule, dada. Kitone kwa kitone,
zungusha, usikilize."
Nikazungusha. Ta!
Mlio mtamu kama kufuli la chumba chako mwenyewe.
Nikahesabu noti, kodi ya miezi mitatu,
nikatoka na kamera ya sensa pana
na lenzi yangu ya siku zote mdomoni mwake.

Miaka sita nilikuwa na sensa ndogo.
Lenzi ya hamsini, ya kuazima kwa Kibwana,
ilijibana humo ikawa kama ya sabini na tano.
Vyumba vya Manzese unavijua:
nirudi nyuma nimpate mtoto na keki yake,
mgongo unagusa friji;
nirudi tena, niko uani na ndoo.
Kubwa juu ya ndogo haikunyimi.
Inakupa kitovu, pembeni kote inamwaga.

Sasa ndogo juu ya kubwa.
Jumamosi, ukumbi wa Tandika, harusi ya Sikudhani.
Nikaona pembe zinafifia, nikasingizia taa za ukumbi.
Usiku, kwenye kompyuta, bibi harusi yuko katikati
na giza la duara limemzunguka
kama mtu anayechunguliwa kwa bomba.

Jumatatu akaja. Akatazama picha mia mbili, kimya.
"Mjomba Pazi yuko wapi?"

Mjomba Pazi alisimama pembeni, picha zote.
Ndiye aliyetoa magunia mawili ya mchele,
na aliyetoa mchele husimama pembeni
asije akaonekana anadai.
Sensa pana, na haikumhesabu.

Nikavuta mwanga. Nikavuta tena
mpaka shela ikaungua ikawa karatasi tupu.
Pembe ikatoa chengachenga,
si kofia, si kiatu.
Liko giza la pazia; hilo unalifunua.
Hapa hapakuwa na pazia.
Mwanga wenyewe haukufika,
duara la lenzi liliishia begani kwa shemeji.

Kumbe kamera ina amri ya kujipunguza,
itumie kitovu chake tu, ijifanye ndogo.
Nimeijua Jumanne.
Ni kama kupanga nyumba nzima
ukatandika mkeka sebuleni.

Na lugha ilikwisha kunionya tangu utoto.
Kiatu cha Idi kiliingia mguuni, nikaruka,
mama bado akapiga magoti, akabonyeza kidole:
"Kimekutosha?"
Hamduni aliniuliza kama imeingia.

Jumapili naenda Mbagala kwa Mjomba Pazi
na ile hamsini ya Kibwana, kubwa kwa kubwa.
Nitamweka katikati.
Najua atasogea pembeni.

Asogee tu.