Mstari wa 212

Kageha alikifunga kifurushi saa nane usiku,
Kaptembwo, chumba cha pili kutoka kwa fundi cherehani,
stima ikipotea na kurudi.
Kazi yake ndogo: programu ikianguka,
kuzisoma nyayo zake kinyumenyume,
kutoka pale ilipolala kifudifudi
hadi hatua ya kwanza iliyokosewa.
Faili sita. Leseni. Jina la mtunzaji.
Penye tegemezi akaandika: hamna.
Akalala na fahari yake.

Miaka miwili, hakuna aliyemwambia hata ahsante.

Kisha Jumanne moja, kule Molo,
mzani wa maziwa ukagoma alfajiri,
mitungi kumi na tisa mlangoni, wenyewe wakipiga miayo,
na karani Cheruto akapiga picha ya skrini:
mistari arobaini,
kila mmoja ukiutupia lawama ulio chini yake,
na chini kabisa, 212,
jina la Kageha.

Msoma nyayo ndiye aliyejikwaa.
Folda iliitwa *ng'ombe*.
Ile ritifaa, ukucha wa sisimizi baada ya g,
yeye aliyeanza kusema kwa lugha hii
hakukumbuka kuipima.

Wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Kageha hakujua kama ana ndugu Molo.
Hakujua cha nduguye mtu kilikuwa chake,
hiki alichokifunga kwa kamba ya usingizi.

Akarekebisha mstari mmoja. Akafunga upya.
Kwenye maelezo ya toleo:
"Sasa inamjua ng'ombe."