Mlio wa Kiti

Wanasema kizuri chajiuza.
Basi hiki kilikaa kapuni, soko la mitumba la Kemi,
kati ya kaseti za mazoezi ya viungo na nyimbo za Krismasi,
senti hamsini, jalada limeliwa na jua:
Veikko Saarenpää, Chumvi ya Barabara.
Nilikichukua kwa sababu ya jina tu.
Kazi yangu ndiyo hiyo, kumwaga chumvi barabarani,
kusukuma theluji kuanzia saa tano usiku
mpaka watoto wa shule waamke.

Kila mtu hapa anamjua Veikko wa wimbo mmoja,
ule wa dansi ya kiangazi, unaopigwa harusini
wajomba wakishalegeza tai.
Huyu si yule.
Huyu ametoka hospitali, koo limepita kisuni,
sauti imebaki nusu, na hiyo nusu ina mchanga.
Gazeti la mwaka ule lilimpa mistari minne.
Mstari wa nne ulikuwa bei.

Mwanzoni nami sikumwelewa.
Nilimwacha aendelee kwa kuwa kitufe kilikuwa kigumu
na glavu zangu nene.
Usiku wa tatu, darajani, baridi ya kupasua chuma,
akafika pale anaposimulia mtu
anayepanga viatu vya mkewe mlangoni
mwaka mzima baada ya mazishi,
ncha zikitazama nje, asije akachelewa.
Nikasimamisha gari katikati ya daraja.
Taa ya njano ikazunguka, ikazunguka.
Sijamwambia msimamizi mpaka leo.

Nilidhani niko peke yangu.
Kisha Hilkka wa maabara ya damu,
akinifunga mpira mkononi, akanong'ona mistari miwili.
Mistari ile.
Nusura ning'oe sindano.
Yeye alimjua Pentti, mstaafu wa kiwanda cha karatasi,
mwenye santuri yenyewe, anaishika kwa leso;
Pentti akamleta Ossi, miaka kumi na saba, pete puani,
aliyerithi kabati zima la bibi yake
na hakusikiliza ila hii.

Tunakutana chumba cha kufulia, chini ya jengo la Pentti,
Jumapili, siku ambayo mashine ni marufuku.
Hatufanani kwa lolote. Tunagombana.
Ossi anasema upande wa pili ungeanza na wimbo wa mwisho.
Pentti anasema Ossi anyamaze.
Ila ukifika wa tano, kimya sote:
kabla ya ubeti wa mwisho kiti kinalia, kwii,
mara moja tu, na Veikko anasita
kama aliyeulizwa jambo,
halafu anaendelea kwa sauti ya chini zaidi.
Miezi mitatu tumebishania kiti.
Makusudi. Ajali. Pentti alisema ni mzimu,
kisha akaona haya.

Tukamwandikia. Yu hai, Tornio, miaka themanini na moja.
Jibu likaja nyuma ya risiti ya duka la dawa:
"Kiti ni Aune. Alikuwa anainuka kuongeza kuni.
Nilitaka kurudia, akasema acha.
Ule wa viatu niliutunga akiwa mzima.
Sikujua ningeuhitaji.
Santuri yenyewe sinayo. Mnaweza kunisikilizisha?"

Pentti akaikunja leso yake, akaikunjua.
Nikasema acha, yangu itatosha,
jikoni kwake hakosi redio ya kaseti.
Nikaitia kwenye bahasha pamoja na penseli
ya kuzungushia utepe ukilegea.

Sasa nasukuma theluji bila muziki.
Darajani napunguza mwendo.
Wipa inakwenda, inarudi,
na ikifika ukingo wa kioo inalia, kwii,
kama mtu anayeinuka kuutazama moto.
Nasita kidogo.
Halafu naendelea, kwa gia ya chini zaidi.