Chini ya Kipimo

Kiwandani Igogo kazi yangu ni rula.
Sangara akiwa chini ya sentimita hamsini
namrudisha kwenye tenga, simwangalii machoni.
Miaka sita sijakosea.

Ndipo Nyangeta akajifungua wiki ya thelathini,
usiku wa mvua, umeme umekatika Mabatini,
na sista akaninong'oneza urefu: thelathini na tisa.
Gramu elfu moja mia tatu arobaini.
Mkono wangu wa kulia ulisogea wenyewe
kama unatafuta tenga.

Wodi ya njiti ina joto la tanuri la mikate.
Nikafungua vifungo vya shati la kazi,
nikawekewa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi.
"Kanawe tena," akasema Sista Leokadia, "bado unanuka sangara."
Nilinawa mara tatu. Harufu haikutoka.
Mtoto hakulalamika.

Siku ya tatu walimchoma kisigino.
Kisigino gani, punje ya dengu!
Tone likagoma, likaja, likajaza duara
kwenye karatasi nene, likaachwa likauke
kama dagaa juu ya mwamba, ila kivulini.

Kitanda cha pili, mtoto wa Mama Bhoke,
miezi tisa kamili, kilo tatu na robo,
alichomwa mara moja, akalia hadi korido ikanyamaza.
Majibu yake yalirudi safi. Wakafunga mabegi, wakaaga.
Ya kwetu pia yalirudi safi.
Nikakunja kanga. Nikatafuta viatu.

"Na wewe unakwenda wapi?"

Sista akagusa koo lake, pale
ambapo samaki angekuwa na matamvua.
"Hapa pana tezi. Ikizembea,
ubongo huifokea, na kule kufoka
ndiko tunakokusoma kwenye damu.
Mtoto aliyetimia, ubongo wake unajua kufoka.
Huyu wako hajajifunza hata kunong'ona.
Ukimya wa njiti usiuite afya, baba.
Tutachoma tena wiki ya pili. Ikibidi, na ya nne."

Nilikasirika. Niliwaza pesa, niliwaza zamu,
niliwaza kwamba wanamchezea kwa kuwa ni mdogo.
Mjomba akapiga simu kutoka Nansio:
"Mleteni huku, hewa ya kisiwani itamkuza.
Damu yenyewe kijiko, mnaigawagawa ya nini?"
Meli ya mchana ilipiga honi bandarini.
Nyangeta hakunitazama. Alikuwa anakamua maziwa
kwenye kikombe, akihesabu matone kwa Kijita.

Honi ikapiga ya pili. Ikaondoka.

Siku ya kumi na nne, kisigino kingine.
Kadi ya kwanza iliandikwa "Mtoto wa Nyangeta".
Hii niliomba kalamu mwenyewe,
nikaandika LIMI, wino ukavuja kwenye M.

Simu ilinikuta kazini, glovu zimeganda,
mashine ya barafu inakoroma.
Nikasikia, "Homoni iko juu,"
nikashukuru! Juu, nilidhani, ni habari njema.
Sista akarudia polepole, kama anayemvusha mtu barabara:
ubongo umeanza kufoka.
Tezi haiitiki.

"Tumewahi," akasema. "Umesikia? Tumewahi."
Nilikwenda nikakaa juu ya kreti tupu
mpaka msimamizi akauliza kama naumwa.

Sasa kila alfajiri, kabla ya basi la kiwanda,
nagawa kidonge mara nne kwa wembe mpya,
robo naisaga kati ya vijiko viwili,
nailainisha kwa maziwa ya mama yake.
Limi anakunja uso, anameza, ananikodolea
kama mdai aliyekuja mapema.
Kisiginoni ana vidoti viwili. Vinafifia.
Navitafuta hata hivyo.

Saa moja kamili nashika rula.
Sheria ni sheria, wadogo nawarudisha.
Ila siku hizi, msimamizi akigeuka,
namchukua mmoja tengani,
namlaza sawa, namnyoosha mkia,
nampima mara ya pili.

Huwa hajarefuka.