Mizani ya Samaki

Chaja yenyewe ni ndogo kama kungumanga,
lakini njoo uone inavyopambwa:
kwanza shela ya nailoni,
kisha godoro la povu jeupe,
kisha kijitabu cha lugha kumi na moja
(Kiswahili hakimo),
kisha boksi, na boksi la kulivika boksi,
na juu ya yote plastiki ya kubana,
inayolia ukiikunja, kama mtu aliyefinywa.

Mwaka wa nne huu, Changamwe, meza ya saba,
mimi ndiye mpambaji.
Na kila jioni nikivuka reli kwenda nyumbani
nayakuta mapambo yangu mtaroni:
shela huku, godoro kule,
bibi harusi keshachukuliwa.

Siku hiyo Tima wa ufagio akaingia na mizani,
mizani ya ndoana, ya kupimia samaki,
kaazima kwa Shebwana wa Marikiti,
ingali na magamba ya changu kwenye kioo.
Hakuomba ruhusa. Alitundika kwenye bomba la maji
taka za zamu moja, na mapambo yake,
gunia baada ya gunia,
akaandika ukutani kwa chaki: thelathini na nane.
Kisha akapima chaja za zamu ile ile:
ishirini na moja.
Akapangusa mikono kwa leso.
"Basi jamani, hiki ni kiwanda cha taka.
Chaja twatia kuzibia nafasi."

Tulicheka mpaka Nyevu wa meza ya sita akapaliwa.
Kisha hakuna aliyecheka.

Meneja, Bwana Hasmukh, akasema mteja hula kwa macho.
Tima akamjibu: kizuri chajiuza,
kibaya ndicho chajitembeza;
hino chaja yetu ni mbaya kiasi gani
hata isitoke nje bila nguo tano?

Haikuwa kazi ya siku moja. Barua zilikwenda, zikarudi.
Lakini lile povu tulilokuwa tukilichoma nyuma ya ukuta,
moshi wake ukituingia hadi kwenye wali,
leo hatulipokei tena.
Vipuri vyaja kwenye trei ngumu,
na lori lililozileta halirudi tupu: lazibeba trei
zikajazwe upya, mara ya ishirini, mara ya thelathini,
mpaka pembe ziwe butu kama sabuni.
Maelezo tumeyachapa ndani ya kifuniko,
kwa Kiswahili, mistari minne.
Na zile sakiti zilizofeli, tulizozivunja kwa nyundo
ili zisiibwe,
sasa zamngojea Dzombo na chuma chake cha kulehemu.
Anafungua, ananusa, anabadilisha kijidude
cha thamani ya peremende,
na maiti inawasha taa ya kijani.

Sitasema yote yamekuwa heri.
Boksi la nje lilipoondoka, meza ya sita iliondoka nalo.
Nyevu alikaa nyumbani miezi miwili,
akanipita Marikiti bila salamu.
Kupunguza, dada zangu, kuna wa kupunguzwa;
hilo hakuna aliyeliandika ukutani.
Sasa yuko kwa Dzombo, ajifunza kulehemu,
kidole cha shahada kina malengelenge,
na salamu imerudi, nusu.

Jana Shebwana kamtuma mtoto: mizani yangu iko wapi,
mwezi wa saba huu, samaki niwapime kwa macho?
Tima akatundika taka na mapambo ya zamu
kwa mara nyingine.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
Tisa.
Mtoto akanyosha mkono.
"Mwambie bado," akasema Tima.
"Mwambie zimebaki tisa."